Mnyonge Mnyongeni: Maswali Niliyobaki Nayo Baada ya The Green Mile

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Methali hii tumeizoea mpaka hatuisikii tena. Timu ya mtani imecheza vizuri, tunasema mnyonge mnyongeni, maisha yanaendelea. Lakini hebu isome kama ilivyo, neno kwa neno. Mnyonge ananyongwa. Hakuna anayeuliza kama alistahili. Haki anayopewa ni nyingine kabisa, ndogo, na anapewa huku kamba iko shingoni. Juzi nilipoirudia The Green Mile, methali hii ilinikaa kichwani saa zote tatu. Sijui filamu nyingine inayoitekeleza kwa uaminifu kiasi hicho. (Kama hujaitazama, ujue nitasema kila kitu, mpaka mwisho.)

Frank Darabont aliiongoza mwaka 1999, kutoka kwenye riwaya ya Stephen King iliyotoka vipande vipande mwaka 1996. Tuko Louisiana, 1935, katika sehemu ya gereza wanakokaa waliohukumiwa kifo wakisubiri kiti cha umeme. Sakafu yake ni ya kijani, ndiyo asili ya jina. Mkuu wa zamu ni Paul Edgecomb, yaani Tom Hanks, mtu mpole anayewaambia askari wenzake wasipaze sauti mbele ya wafungwa. Siku moja analetewa John Coffey, jamaa mweusi mkubwa kama mlango, aliyehukumiwa kwa kuua mabinti wawili wa kizungu. Michael Clarke Duncan alimwigiza vizuri hadi akateuliwa kuwania Oscar. Coffey anaogopa giza. Anaomba kama kuna taa inayobaki ikiwaka usiku.

Tunakuja kujua kwamba hakuua. Alikuwa na kipaji cha kuponya kwa mikono, aliwakuta wale watoto, akajaribu kuwarudishia uhai akashindwa. Msako ulipomfikia alikuwa amekaa chini amewakumbatia, analia kwa sauti, anasema hakuweza kuzuia, kwamba alijaribu kukirudisha nyuma lakini alikuwa amechelewa.

Hapo ndipo filamu ilipo na akili kuliko mahali pengine popote. Maneno hayo ni ya kweli tupu. Mganga aliyechelewa kufika angesema hivyohivyo. Mzazi naye angesema hivyo. Lakini midomo iliyoyatoa ilikuwa ya mtu mweusi, fukara, asiyejulikana anatoka wapi, na masikio yaliyoyapokea yalikuwa na jibu tayari kabla ya swali. Kwa hiyo kilio kikawa ungamo. Hakuna aliyesema uongo pale. Watu walisikia sentensi moja, wakaijazia maana waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Chuki ya aina hii haihitaji hata kukasirika.

Mtazame wakili wake, Hammersmith. Paul anakwenda kumuuliza habari za mteja wake, anamkuta ni mtu wa heshima, ana mke na watoto. Anamsimulia Paul kuhusu mbwa wao wa nyumbani, mtulivu miaka yote, ambaye siku moja alimrukia mwanawe na kumharibu uso. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, anamlinganisha mtu mweusi na mbwa yule. Huyo ndiye aliyekuwa anamtetea! Mimi naona Hammersmith anatisha kuliko Percy Wetmore, yule askari katili aliyepata kazi kwa sababu shangazi yake ni mke wa gavana. Percy unamchukia mara moja, na ukishamchukia unajisikia uko upande salama. Hammersmith anaongea kama jirani yako.

Kuhusu Percy kuna jambo lingine linalonisumbua. Siku ya kumuua Delacroix, Percy anaacha kwa makusudi kulowesha sponji inayowekwa kichwani kupitisha umeme, na yule bwana anaungua akiwa hai. Tukio hilo halivumiliki. Ila angalia linavyotufanyia sisi watazamaji: tunatoka tukiwa na hasira na sponji kavu. Kumbe na sponji iliyoloweshwa nayo inaua, ila kwa utaratibu. Ubaya wa Percy unafanya mauaji mengine yote yaonekane kama kazi iliyofanywa vizuri na watu wazuri.

Paul anajuaje kwamba Coffey hana hatia? Kwa muujiza. Coffey anamshika mkono, na Paul anaona kwa macho ya rohoni kwamba muuaji alikuwa Wharton, mfungwa wa chumba kingine. Nakubali kwamba hadithi ni ya King na miujiza ni haki yake. Lakini fikiria maana yake. Ili mtu mweusi aaminiwe kuwa hana hatia, ilibidi kwanza amponye Paul maradhi ya kibofu, amfufue panya, amwondolee uvimbe wa ubongo mke wa mkuu wa gereza, halafu apitishe maono mkononi. Asingekuwa na kipaji hicho je? Spike Lee alishawahi kuilalamikia tabia hii ya Hollywood, ya mweusi mwenye nguvu za ajabu ambaye kazi yake ni kuwatibu weupe, na filamu hii aliitaja. Naona alikuwa sahihi, ingawa machozi yangu yalitoka vilevile.

Mwaka 1944, huko South Carolina, mtoto mweusi wa miaka 14, George Stinney, alikamatwa kwa kesi inayofanana na hii mno: mabinti wawili wa kizungu wamekutwa wamekufa. Aliulizwa maswali bila wazazi wake. Kesi ilikwisha siku moja. Wakili wake hakuita shahidi hata mmoja, na baraza la wazee wa mahakama, weupe watupu, lilitumia dakika kama 10 kuamua. Hakuna rufaa iliyokatwa. Tarehe 16 Juni mwaka huohuo alikalishwa kwenye kiti cha umeme, kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Mwaka 2014, miaka 70 baadaye, jaji aliifuta hukumu hiyo. Hakutamka nani aliua. Alichosema ni kwamba kijana hakupewa haki za msingi za mtu anayeshtakiwa. Stinney hakuwa na muujiza wowote. Alichohitaji ni wakili wa kuuliza maswali mawili matatu.

Na Paul? Paul anajua. Wenzake wanajua. Mkuu wa gereza, ambaye mkewe amepona kwa mikono ileile, ana kila sababu ya kushtuka. Kweli, nani angeamini maono, tena na Wharton ameshakufa? Lakini filamu haimwachi Paul ajaribu hata kushindwa. Badala yake anamwendea Coffey mwenyewe na kumuuliza kama anataka mlango ufunguliwe aende zake, na atamwambia nini Mungu siku akiulizwa kwa nini alimuua. Coffey anamjibu kwamba amechoka, amechoka na ubaya wa watu wanavyotendeana, na kwamba Paul amwambie Mungu alichofanya kilikuwa wema.

Ni tukio zuri sana, na ndilo nisilolisamehe. Anayekwenda kufa ndiye anayembembeleza anayekwenda kuua. Ridhaa ya mtu aliyechoshwa na dunia inageuzwa kuwa ruhusa. Yaani mtu akikwambia hawezi tena kuishi kati ya watu wabaya, jibu lako ni kubonyeza swichi? Coffey ana haki ya kuchoka. Paul hakuwa na haki ya kuupokea uchovu ule kama zawadi.

Wanampa vilivyobaki: chakula anachokitaka, onyesho la sinema kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mwishoni, kwa kuwa anaogopa giza, hawamfuniki uso. Mnyonge mnyongeni.

Paul anaadhibiwa, tunaambiwa. Anaishi miaka zaidi ya 100, anazika kila ampendaye, na anaamini hiyo ndiyo adhabu yake. Watu wengi huishia hapo wakamwonea huruma. Mimi mawazo yangu hubaki kwa wale wazazi wa mabinti. Walikaa mbele ya kiti kile, mama akipiga kelele kwamba Coffey auawe mara mbili, kisha wakarudi shambani kwao wakiamini wamemwona muuaji wa watoto wao akifa. Filamu haituonyeshi mtu yeyote akienda kuwagongea mlango.