Mzigo Uliolipiwa Ushuru

Pale Tunduma, barabara kuu inayotoka Mbeya inapogusa mpaka wa Zambia, wakala wa forodha husema anagomboa mzigo. Neno hilo ni ndugu wa kukomboa, na aliyeweka shamba rehani hulitumia vilevile siku anapolimaliza deni. Kwa hiyo Mkristo anayesema amekombolewa anazungumza lugha ya deni na bei, wala hajakosea, kwa maana katika Injili ya Marko Yesu mwenyewe anautaja uhai wake kuwa fidia. Ila tumfuate wakala yule hadi mwisho wa kazi yake. Mzigo uliokwisha kulipiwa ushuru ukaachwa yadini miezi mitatu haujamfaa mwenyewe kitu, na risiti aliyonayo mfukoni haiwezi kuvaliwa wala kupikwa. Ukombozi nao ndivyo ulivyo. Malipo huufungua mlango, lakini kinachouthibitisha ni mtu kurudi mahali pake, kwa Mungu na kwa wenzake, akihesabiwa tena kuwa ndugu.

Wanateolojia walikaa sana kwenye dirisha la malipo. Origen alifundisha kwamba fidia alipewa shetani. Gregori wa Nazianzo akaona ni aibu mwizi kulipwa. Anselm, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, akasema kilichodaiwa ni heshima ya Mungu. Mabishano hayo yana uzito wake, lakini yanaanzia mbali na chimbuko la neno. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, mkombozi ni jamaa wa karibu. Mtu akifukarika hata akauza shamba, au akajiuza mwenyewe, jamaa huyo ndiye mwenye wajibu wa kumrudisha. Halipi kwa sababu bei ni nzuri. Analipa kwa sababu aliyepotea ni wake. Msikilizaji wa Rungwe au Kilolo hahitaji kufafanuliwa sana hapo, kwa kuwa anajua ukoo hukaa kikao lini, na kwa nini.

Historia yetu inaonyesha nini hutokea malipo yanapotengana na kurudishwa. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walinunua watoto katika soko la watumwa la Unguja ili wawe huru. Tendo lile lilikuwa jema, na sitaki kulidharau: waliolipiwa waliepushwa na pingu. Hata hivyo, wengi wao hawakuona tena kwao. Walikulia chini ya kanuni za misheni, wakilima mashamba yake, na fedha zilizowatoa ziliingia mifukoni mwa wafanyabiashara walewale. Bei ilikuwa imelipwa yote, na njia ya nyumbani ikabaki imefungwa.

Kalenga, karibu na Iringa mjini, kuna mfano wa upande wa pili. Mkwawa, chifu wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Mwaka 1919 kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo, lakini Wahehe walisubiri hadi Juni 1954, Gavana Twining alipolileta kutoka makumbusho ya Bremen na kulikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Baadhi ya wanahistoria wana shaka kama ndilo lenyewe, na shaka hiyo ni ya haki. Haikununuliwa haki yoyote siku ile, wala hakufufuka hata mmoja wa waliouawa vitani. Lakini kilichokuwa kitu cha kupimwa na kuhifadhiwa katika kabati la wageni kilipokewa na watu waliokiita babu. Katika badiliko hilo, kutoka kitu hadi ndugu, naiona sura ya ukombozi kuliko katika hesabu yoyote ya fidia.

Mlutheri wa Iringa au Mmoraviani wa Rungwe anaweza kunipinga kwamba namrudisha mtu kwenye wokovu wa matendo, nikiongeza sharti juu ya neema. Pingamizi hilo ni zito, na Zakayo analijibu. Yesu aliingia nyumbani mwake kabla mtoza ushuru huyo hajarudisha hata senti. Alipoahidi kurudisha mara nne hakuwa ananunua kitu, alikuwa anatembea katika njia iliyokwisha kufunguliwa, na hapo ndipo alipoitwa mwana wa Ibrahimu, yaani mtu wa ukoo. Paulo naye, akimwandikia Filemoni, anajitolea kulilipa deni la Onesimo, lakini haishii hapo: anaomba mtumwa huyo apokelewe kama ndugu mpendwa. Kama angelipa tu, Onesimo angerudi akiwa mtumwa asiye na deni.

Wengine watasema mambo ya roho yasichanganywe na mashamba. Ni sheria ya Musa iliyoyachanganya, na maisha ya Kyela na Busokelo yanayachanganya kila msimu kwa njuruku. Mwenye fedha humpa mkulima pesa za ada au za matibabu kakao ikiwa bado mtini, kwa bei iliyo chini mno ya soko, na mavuno yakiiva ni yake. Mara nyingi wawili hao ni washarika wa kanisa moja, hupokea Meza ya Bwana Jumapili ileile, na yule wa kwanza husimama kushuhudia kwamba amekombolewa. Huyo simwiti mnafiki. Namwona kama mzigo uliolipiwa ushuru, ambao bado uko yadini. Nawasihi wazee wa kanisa na wachungaji wa Kyela na Busokelo: ushuhuda huo ukitolewa, mwulizeni kwa upole kakao ya jirani yake iko mikononi mwa nani.