Haki ya Sifa

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, akahamia Uingereza na jamaa zake mwaka 1964, akavuma huko kwa jina la Freddie Mercury. Katika A Night at the Opera, albamu ya roki ambayo bendi yake ya Queen iliitoa mwaka 1975, yeye, Brian May na Roger Taylor walirudia sauti zao studioni, tabaka juu ya tabaka, hata waimbaji watatu wakasikika kama umati. Je, nchi iliyomzaa ina haki ya sifa hiyo?

Milima ya Upare, wilayani Same, yatupa kipimo. Wakulima wa huko hukusanya maji usiku katika mabwawa yaitwayo ndiva, wakayafungulia mchana yaende mashambani. Na atakaye maji hushiriki kuzibua mifereji. Chemchemi hutoa maji, lakini hailimi shamba.

Basi kufurahi ni halali yetu, kujigamba si haki. Deni letu ni kwa mwimbaji aliye kati yetu leo, asiye na studio wala msikilizaji. Tumzibulie mfereji sasa, tusingoje dunia imsifu ndipo tukumbuke kwao.