Shayiri Bora ni ya Wapi?

Kazi yangu ni kupima shayiri. Msimu ukiisha huku Mau Narok, Kenya, kila kishamba cha majaribio huvunwa peke yake, punje zikatiwa kwenye mfuko wenye kibandiko, zikapimwa uzito, unyevu, ukubwa na protini. Mnunuzi anataka kimea, na punje yenye protini nyingi haimfai. Aina iliyoshindwa naifuta daftarini. Ni kazi halali, nami naipenda. Lakini naifuta kwa haki gani? Mbegu ile ni mbaya, au haikufaa hapa tu?

Swali hili lilinikaa zaidi niliposoma kazi ya Salvatore Ceccarelli, mtafiti Mwitaliano aliyefanya kazi miaka mingi katika kituo cha ICARDA, shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, huko Tel Hadya, kusini mwa Aleppo, Syria. Wakulima wa kule walikuwa na shayiri mbili za asili: Arabi Abiad, nyeupe, ya sehemu zenye nafuu ya mvua, na Arabi Aswad, nyeusi, ya kandokando ya jangwa, ambako mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 250. Wataalamu walizoea kuchagua mbegu kituoni, penye udongo mzuri na mbolea, wakiamini kwamba inayoshinda pale itashinda popote. Zilipojaribiwa kwenye ukame wenyewe, mambo yakageuka: nyingi zilizoongoza kituoni zikapitwa na zile za asili. Penye neema mmea hushinda kwa kutumia vizuri kilichojaa. Penye ukame hushinda kwa kustahimili kukosa. Sifa hizo mbili mara nyingi hazikai pamoja.

Kisha Ceccarelli akawapa wakulima wenyewe nafasi ya kuchagua. Wakapenda shayiri ndefu, kwa sababu mwaka wa ukame shayiri fupi haishikiki na mashine, inang'olewa kwa mikono. Wakapenda mabua laini, kwa ajili ya kondoo. Katika daftari langu urefu na ulaini wa bua ni kasoro, maana mvua yetu ya milimani huilaza shayiri ya namna hiyo chini. Mkulima wa Syria hakukosea, wala mimi sikukosea. Dhulma ingeingia pale ambapo daftari langu lingepelekwa kwake liwe hakimu, na umaskini wa mvua yake uhesabiwe kuwa kasoro ya mbegu yake.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa dini, anaogopa maneno haya. Anasema nikianza hivi, mwisho nitasema hakuna jema wala baya, kila mtu na lake. Sikubali. Shayiri nyeusi ilishinda kwenye mizani, si kwenye maoni ya mtu, na ukweli huo haupungui kwa kuwa ni ukweli wa ukameni. Mimi ni Mwislamu. Naamini kila kiumbe kimepewa kadiri yake. Kadiri hiyo, ninavyoielewa, ina mahali pake, na mtu anayeinyoosha ifunike dunia nzima amejitwalia hukumu ambayo hakupewa.

Tena mahitaji yenyewe hubadilika na wakati. Katika shayiri za asili za nyanda za juu za Ethiopia, zilizokusanywa mwishoni mwa miaka ya 1930, ilipatikana jeni iitwayo mlo, inayozuia ugonjwa wa ubwiri unga. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, shayiri nyingi za Ulaya zimekingwa na jeni hiyo. Wakulima walioitunza hawakuwahi kuitafuta. Walitunza chakula chao.

Kwa hiyo nikifuta jina, naandika pembeni iliposhindwa, mvua ya msimu ule na sababu, halafu naomba punje kidogo zihifadhiwe kwenye baridi. Atakayekuja na shamba lisilofanana na letu ana haki ya kuipima upya.