Jina na Hatia

Wahenga walisema, samaki mmoja akioza huoza wote. Kauli hii yafaa sokoni. Kwenye mizani ya haki naitilia shaka. Shaka hiyo nimeipata kwa kidudu kidogo kuliko punje ya mchele, kirukacho jani hadi jani kikifyonza utomvu.

Wataalamu wamekwisha kuzipa majina spishi zaidi ya 20,000 za jamii yake, Cicadellidae. Aghalabu rangi na umbo la nje havitoshi kumtenga mmoja na jirani yake. Hivyo mtaalamu hulikata tumbo la dume, akalitia katika dawa kali iyeyushayo nyama, kisha akavichungua kwa hadubini viungo vya uzazi, ambavyo ndivyo vitoavyo ushahidi. Jike mara nyingi hukosa jina la yakini. Na kila jina jipya huambatana na mwili unaohifadhiwa uwe shahidi wake.

Je, ni halali kukitoa roho kiumbe ili tukipe jina? Naona kutokijua huweza kuwa dhuluma kubwa zaidi. Mkulima ambaye mahindi yake yamepatwa na michirizi ya manjano huweza kumlaani kila kidudu arukaye shambani, ilhali virusi vya ugonjwa huo huenezwa na wachache tu wa jenasi Cicadulina. Maarufu wao ni Cicadulina mbila, aliyepewa jina na Naudé mwaka 1924, jina linalokaribiana mno na neno la Kizulu la mahindi. Kumjua huyo kwa yakini ni kuwaondolea lawama maelfu wasiohusika.

Lakini jina nalo lina mpaka wake. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, H. H. Storey alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba ndani ya spishi hiyo hiyo wamo waenezao ugonjwa na wasioueneza, na kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Alipowatoboa utumbo kwa sindano nyembamba wale wasioeneza, nao wakaweza kueneza. Jina lao lilikuwa moja. Kilichowatenga ni kizuizi cha utumbo, kisichoonekana kwa nje.

Basi jawabu langu ni hili: kukipasua kidudu ni halali maadamu tunatafuta haki, na haki hiyo haikamiliki kwa kupata jina tu. Jina hutwambia huyu ni nani. Alilolitenda lataka ushahidi mwingine. Katika visiwa vyetu tumepata kuona watu wakibebeshwa hatia kwa majina ya koo zao, pasi na yeyote kuuliza nani katenda nini. Kidudu tumempa subira ya hadubini na sindano. Binadamu hahitaji kupasuliwa: ana ulimi, naye aulizwe kabla ya kuhukumiwa.