Kifaru Kidogo, Mzigo Mkubwa

Je, mkono unaounda kwa ustadi mfano wa chombo cha mauaji unatenda jema au ovu? Kifaru cha Kijerumani kiitwacho Tiger, kilichoingia vitani mwaka 1942, kilikuwa na uzito wa tani 57 hivi. Mfano wake, ukipunguzwa mara 16, hupata urefu wa nusu mita tu pamoja na mzinga. Vipande vyake huja sandukuni vikiwa na nambari, na muundaji huweza kumaliza miezi akivipiga msasa, akivigundisha na kuvipaka rangi. Hata kutu na tope huvipaka kwa brashi. Kila ribiti hupewa mahali pake. Asiyepewa mahali ni mtu aliyekanyagwa na minyororo ile.

Msomaji wa Ngonga, wilayani Kyela, aweza kusema kuwa hayo ni mambo ya mbali, kwani Tiger haikufika kwao. Ni kweli. Lakini Ziwa Nyasa lilipata kuona chombo cha Kijerumani kilichokuja vipande vipande. Meli ya Hermann von Wissmann ilichangiwa fedha Ujerumani kwa jina la kupiga vita biashara ya watumwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 sehemu zake zilipitishwa mito ya Zambezi na Shire, na pale maporomoko yalipoziba njia, wapagazi walizichukua nchi kavu. Tarehe 13 Agosti 1914, huko Liuli, meli hiyo ilipigwa mizinga na Gwendolen ya Waingereza. Mwezi uliofuata majeshi ya Wajerumani yalivuka mto Songwe kwenda kuishambulia Karonga. Vitabu vimehifadhi majina ya meli zote mbili na ya manahodha wao, Berndt na Rhoades. Wapagazi wametajwa kwa jumla, kama shehena.

Watetezi wa kazi hii wana hoja nzito. Uundaji hufunza subira na uangalifu, na anayeunda kitu hukijua kuliko anayekitazama. Tena hakuna aliyeuawa na kifaru cha plastiki. Haya hayakanushiki. Lakini usahihi ni ahadi. Anayejivunia kuhesabu ribiti zote amejifunga kusema kweli, na nusu ya kweli, hata ikipimwa kwa milimita, hubaki nusu.

Nao watu wa pwani wasicheke mapema. Vijahazi vya mfano vinavyochongwa Lamu na Unguja ni fahari ya mafundi na pambo la sebule. Tanga lake ni jeupe, na ngama yake haina kitu. Jahazi za kweli zilibeba tende, boriti na karafuu. Zilibeba pia watu waliokuwa wakiuzwa katika soko la Unguja hadi lilipofungwa mwaka 1873. Nyani haoni kundule.

Hapana haja ya kuvunja kifaru wala kijahazi. Ustadi ni neema, na mtoto akikiona kitu kizuri hukiuliza. Hapo ndipo wajibu ulipo: anayekiweka juu ya rafu awe tayari kumjibu mtoto kilibeba nini, kilimkanyaga nani, na ni nani aliyekichukua begani hadi kikafika.