Ndege ya Vita Juu ya Meza

Wazazi wawili wa mtaa wetu wameniuliza, kwa nyakati mbalimbali, kama ni vema kijana wa Kikristo kutumia jioni zake akiunda ndege ndogo za vita na kupigana nazo mezani. Mmoja alitaka nijibu kwa neno moja. Swali hili, ndugu wasomaji, halijibiki hivyo.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Yuko kijana huko Mbagala ambaye hununua Kariakoo ndege ya plastiki ya kuchezea, ya bei nafuu, isiyofanana na ndege yoyote iliyopata kuruka. Huikata mabawa na kuyaunda upya kwa kipande cha kopo, huiongezea nundu mgongoni, huziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao, kisha hupiga msasa mpaka kidole kisisikie kiungo. Mwisho ni rangi: juu kijani na udongo, chini rangi ya anga. Mimi niliyefundisha kazi za mikono katika chuo cha ualimu nasema wazi kwamba wanachuo wenye subira ya namna hii walikuwa wachache. Nabii Isaya aliona silaha zikifuliwa kuwa majembe. Huyu anageuza kopo la maziwa kuwa silaha, na kazi yake ni safi!

Aipendayo zaidi ni Hurricane, ndege ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, yenye bunduki nane za rashasha mabawani. Haiko mbali nasi kama tudhanivyo. Roald Dahl, aliyejulikana baadaye kwa vitabu vya watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell hapa Dar es Salaam vita vilipoanza mwaka 1939. Alikwenda Nairobi kujifunza urubani, na Aprili 1941 alikuwa akiirusha Hurricane nchini Ugiriki. Wenzake wengi hawakurudi.

Mwingereza mwingine, H. G. Wells, alitoa mwaka 1913 kitabu cha kanuni za vita vya mezani. Alijitetea kwamba vita vidogo ni bora kuliko vikubwa, na kwamba anayevicheza huona upesi jinsi vita vya kweli vilivyo vya ovyo. Hoja nzuri. Hata hivyo mwaka uliofuata Ulaya nzima ilikuwa vitani.

Wasiwasi wangu uko kwenye ile rangi ya chini. Kwa nini tumbo la ndege hupakwa rangi ya anga? Ili aliye chini asiione mpaka imemfikia. Mpakaji analijua hilo, na huchanganya rangi mara tatu au nne aipate sawasawa. Lakini mezani hakuna aliye chini. Ndege husimama juu ya vijiti, rula hupima mwendo, dadu hurushwa, zilizoanguka huhesabiwa. Chini ni ubao mtupu. Sisi wa umri huu tunakumbuka ndege za Idi Amin zilivyopiga Bukoba Oktoba 1978, na jinsi ndege ya Libya ilivyotumwa kuipiga Mwanza Machi 1979. Mama aliyekuwa Bukoba siku ile hakuwa na haja ya kujua ni ndege ya aina gani. Alikuwa akihesabu watoto wake.

Basi mimi sikatazi. Anayemnyang'anya kijana msasa na brashi na atuambie kwanza atampa nini jioni hiyo. Nilichomwomba huyu wa Mbagala ni kwamba, kwa kuwa anapenda ukweli hata katika nundu ya ndege, aweke na mji chini yake. Ameuweka: nyumba za maboksi ya viberiti, soko, shule, kanisa na msikiti. Ndege ikianguka, dadu huamua imeangukia wapi. Wenzake wananung'unika kwamba mchezo sasa unachelewa kwisha, kwa kuwa kila mmoja huivuta kwanza ndege yake kando ya mji kabla ya kufyatua.