Magoti Yenu, Wanangu wa Katente

Wajukuu zangu mnaoshuka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya Katente, na kubeba viroba vya mawe hapa Ushirombo, leo sisemi habari za pombe wala zebaki. Hayo mmeambiwa vya kutosha. Leo nasemea magoti na viuno vyenu, maana hivyo ndivyo mtakavyobaki navyo dhahabu itakapokuwa imeshakwenda kwa wengine.

Mnadhani ugonjwa wa viungo ni wa wazee. Mzee ndiye anayechechemea, kweli, lakini goti lake mara nyingi lilianza kuharibika akiwa na umri wenu. Penye kiungo, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, laini na imara, ili mfupa usisage mfupa. Gegedu haina mishipa ya damu. Riziki yake iko kwenye ute wa ndani ya kiungo, na ute huo huipenya vizuri pale unapotembea, unapokunja na kukunjua. Ukipiga goti moja asubuhi nzima unagonga patasi ya moko kwenye mwamba, gegedu ya goti hilo imebanwa wala haili. Nayo ikishalika, haioti tena kama ngozi iliyochubuka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuchuchumaa si kosa. Wasukuma na Wasumbwa tumechuchumaa tangu utotoni, shambani na kando ya moto, na magoti yakatubeba. Kinachomaliza goti ni kukunjwa huku limebebeshwa mzigo, tena kwa saa nyingi bila kubadili mkao. Kijana anapanda ngazi za magogo na kiroba begani, bega lile lile kila siku, kiuno kimepinda, goti limeelekea ndani. Uzito wote unashukia upande mmoja, na goti linalika kama tairi la gari ambalo magurudumu yake hayakunyooshwa. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Leena Sharma walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miezi 18 watu ambao magoti yao yalikwisha kuanza kuchakaa. Kwa wenye matege, uwezekano wa upande wa ndani wa goti kuzidi kulika ulikuwa mara nne.

Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walipiga magoti chini ya miamba kama ninyi. Mwaka 1952 madaktari Kellgren na Lawrence waliandika kwamba magoti na migongo yao ilikuwa imechakaa kuliko ya watu wa ofisini. Serikali yao ikaja kuyaingiza magoti hayo kwenye magonjwa ya kazi yanayolipwa mwaka 2009. Miaka 57 baadaye! Na wale walikuwa na mwajiri. Wewe unayelipwa kwa mgao wa viroba, utamdai nani?

Wanaoniuma roho zaidi ni mabinti wanaoponda mawe. Hebu mtazameni mmoja. Ameketi chini, mguu mmoja ameunyoosha, mwingine ameukunjia chini ya paja. Jiwe amelizungushia pete ya mpira lisiruke. Mgongo umeinama hadi kidevu kinakaribia goti, na nyundo inashuka kwa mkono ule ule tangu kulipopambazuka, mtoto yuko mgongoni. Akitaka kuinuka hushika ardhi kwanza, kisha paja, kisha kiuno. Huyo hajafika hata miaka thelathini.

Basi fanyeni hivi. Badilisheni goti na bega mara kwa mara, na chini ya goti wekeni kipande cha godoro. Mzigo uuinue ukiwa karibu na tumbo, na ukitaka kugeuka geuza nyayo, usikisokote kiuno. Jioni keti kwenye kigoda, nyoosha mguu mbele, ukaze paja kidogo, rudia. Paja lenye nguvu hulisaidia goti. Maumivu yakianza, punguza mzigo lakini usiache kutembea.

Na huu mtindo wa kumeza diklofenaki kila jioni ili kesho ushuke tena, uacheni. Dawa hiyo inanyamazisha maumivu, haijengi gegedu, na ukiizoea inaumiza tumbo na figo. Goti likivimba, likawa la moto na homa juu yake, nenda hospitali siku hiyo hiyo, huenda lina usaha. Vidole vya mikono yote miwili vikikakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, hapo usilaumu mkao. Huenda ni baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili inavishambulia viungo vyake yenyewe. Ina dawa zake, na daktari ndiye wa kuzitoa.

Nanyi wenye maduara, nawaomba kwa heshima zote. Meza ya kupondea mawe iliyofika kwenye kiwiko cha aliyeketi, pamoja na kigoda chake, ni mbao chache na misumari. Wawekeeni wanawake hao. Viroba vijazwe nusu, mawe yapandishwe kwa winchi. Na ninyi vijana, mwenye duara akiyakataa hayo, msimshukie duara lake.